Fasihi ya Siku Mbili

Nimeshasoma makala za safari za Kilwa mpaka naweza kuiandika moja nikiwa nimelala. Aya ya kwanza mwandishi yuko ndani ya mashua, anavuka kutoka Kilwa Masoko kwenda Kisiwani, upepo unampiga usoni. Aya ya pili anamtaja Ibn Battuta. Ya tatu anaweka kiganja kwenye ukuta wa Msikiti Mkuu, na ukuta unaanza kumsimulia. Kisha anatokea mzee (lazima awe mzee, na lazima awe na kofia) anatamka neno moja la hekima halafu haonekani tena. Jua linazama. Mwandishi anapanda basi pale Nangurukuru, anaegemea dirisha, anatafakari habari za wakati. Basi, imekwisha. Mhariri anabandika picha ya Gereza, na sisi wasomaji tunaandika chini yake: "Asante kwa kutupeleka."

Jamani, tumepelekwa wapi?

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii kila mtoto wa shule anaijua, na walimu huifundisha kama onyo kwa wavivu. Mimi naisoma kama kanuni ya uandishi. Siku mbili za kwanza mwenyeji anakuonyesha alichokuandalia. Shamba utalijua ukishika jembe. Sasa hizi makala zetu za safari, za Kiswahili na zile za Kiingereza wanazoandika wenzetu wa Nairobi na Dar es Salaam, ni fasihi ya siku mbili. Zinaondoka na basi la alfajiri kabla jembe halijatolewa uvunguni.

Nina sababu ya kuwa mkali. Mimi ni mtu wa Mombasa. Niliolewa huku kusini, na huu ni mwaka wa sita naishi Masoko; wakwe zangu wako Kivinje. Kwangu mimi hapa ni ughaibuni. Najua wengi wakisikia neno hilo wanafikiria London au Muscat, na watanikumbusha kwamba Mwambao ni mmoja na Kiswahili ni kimoja. Sawa. Lakini jaribu kuhuisha kibali cha ukaazi, au kuitwa "yule Mkenya" sokoni na mtu aliyekula pilau ya harusi yako, ndipo utajua mpaka umepita wapi.

Septemba iliyopita nilipata mgeni. Ni rafiki yangu tangu chuo, sasa yuko Nairobi, naye ni mwandishi, tena mwandishi mzuri kuliko mimi. Alikaa siku tisa. Ilikuwa demani, bahari imetulia, na tulizunguka kweli: Kisiwani, Songo Mnara, Kivinje, halafu tukashuka hadi Lindi mjini, tukala samaki ufukweni. Sitawasimulia safari yenyewe. Mmeshaisoma, ni ileile ya aya ya kwanza hapo juu, na kwa ukweli ilikuwa tamu. Wiki chache baadaye makala yake ikatoka, na ndani yake Kilwa ikawa "mji uliosahauliwa na wakati", na watu wake wakawa na "ukarimu usio na kipimo".

Hayo maneno mawili ndiyo yaliyonikalisha kitako kuandika haya. Nianze na la pili, kwa sababu nina ushahidi wake jikoni.

Mgeni wangu alipoondoka, nilikuta mabakuli saba ambayo si yangu. Moja lilikuja na pweza wa nazi kutoka kwa jirani wa mkono wa kulia. Jingine lilikuja na mikate ya kumimina, jingine na mihogo ya nazi, hotipoti ya wifi yangu ilitoka Kivinje na wali, na kadhalika, maana jirani akisikia una mgeni wa mbali hakai bure. Mgeni aliona vyakula vinaingia. Hakuona vyombo vikitoka. Na bakuli la jirani, kwetu Mombasa na huku pia, halirudi tupu. Kwa hiyo kwa wiki mbili baada ya yeye kuondoka kazi yangu ilikuwa kurudisha mabakuli: hili na maandazi, hili na kipande cha nguru, hili na sukari kwa sababu mwenye bakuli ana msiba kwao na hapiki. Kila bakuli lilikuwa na siku yake, uzito wake na maneno yake mlangoni. "Mgeni wako kaondoka?" Kaondoka, mama. "Kafika salama?" Kafika, anawasalimu. "Kasahau nini?" Hilo swali la tatu ndilo ninalolipenda. Anayeuliza hatafuti kanga iliyoachwa kambani. Anapima kama mgeni yule atarudi.

Ukarimu usio na kipimo! Una kipimo, dada yangu. Vipimo saba, na kimoja kina ufa. Ukarimu wa hapa ni hesabu ndefu ambayo watu wameiweka vichwani kwa miaka, nani alimpa nani nini wakati wa shida gani, na anayeusifu kwamba hauna kipimo anasema tu kwamba yeye hakuwepo siku ya kulipa. Huo si upendo wa watu wa Kilwa. Ni kuwatoa kwenye maisha yao ya kawaida, yenye deni na kujibana na kinyongo kidogo, na kuwafanya kama minazi: inatoa tu, haidai.

Tena hili si jambo geni. Muasisi wa fasihi ya siku mbili kuhusu Kilwa ni huyohuyo Ibn Battuta tunayemtaja kila aya ya pili. Alifika mwaka 1331, akakaa kidogo, akaondoka. Kitabu chake kiliandikwa Morocco katikati ya miaka ya 1350, yaani zaidi ya miaka 20 baadaye, yeye akisimulia na mwandishi Ibn Juzayy akipanga maneno. Na alichokikumbuka zaidi ni nini? Ukarimu. Anamsifu Sultan al-Hassan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib, baba wa vipaji, na anasimulia jinsi fukara mmoja alivyomwomba nguo alizovaa naye akampa. Makala zetu huishia hapo. Lakini msome mpaka mwisho wa habari hiyo, kwa sababu mzee yule, pamoja na haraka yake, aliacha mlango wazi. Anasema sultani huyo alikuwa akivamia watu wa bara na kuchukua ngawira, na zawadi zilitoka humo. Halafu anasema kwamba sultani alipokufa, ndugu yake Daud akashika nafasi, na fukara akija kuomba, Daud alimjibu kwamba mtoaji amekwisha kufa na hakuacha cha kutoa.

Kila anayesimulia kisa hiki humcheka Daud kwa ubahili. Mimi namwona ndiye mtu wa kwanza katika maandishi yetu aliyeachiwa mabakuli. Mgeni keshaondoka na sifa, ndugu keshazikwa na jina zuri, na yeye kabaki na ghala tupu. Nani ameandika riwaya ya Daud? Hata tamthilia ya dakika 20 sijaiona.

Turudi kwenye neno la kwanza, la wakati. "Mji uliosahauliwa na wakati." Wengine husema muda umesimama, wengine mji umelala. Rafiki yangu alisema yote matatu, kwa aya tofauti.

Siku ya pili baada ya yeye kuondoka nilimkuta nahodha wetu pale gatini akipakia. Mashua ileile. Pale alipokaa mgeni na kamera yake palikuwa na viroba vya unga, mifuko mitatu ya saruji, katoni za sabuni na mama mmoja aliyetoka kliniki. Kisiwani wanaishi watu, msomaji. Wanalima, wanavua, wanafuga mbuzi wanaopita ndani ya Husuni Kubwa bila kibali cha mtu, na wanavuka kununua saruji kwa sababu wanajenga. Nahodha akaniambia hesabu yake: wageni humpa wiki chache nzuri kwa mwaka, na zilizobaki anaishi kwa unga na saruji. Mashine ya boti bado anailipa kidogokidogo. Mwandishi aliyekaa ndani ya boti hiyo saa nzima akiandika kwamba wakati umesimama alikuwa amekalia mkopo wenye tarehe.

Na yule mama wa madafu, ambaye kwenye makala amekuwa "mwanamke aliyesimama kimya kama kuta za mababu zake"? Huwa hanyamazi hata kidogo. Nilikutana naye sokoni Masoko wiki hiyohiyo, akanishika mkono: "Dada Mkenya, ile picha yangu iko wapi?" Maana alipigwa picha akaambiwa ataletewa. Nikaomba picha, ikatumwa kwenye simu, nikaenda kuisafishisha studio. Ukuta umetoka vizuri mno. Uso wake ni kivuli. Aliitazama, akanirudishia, akasema hii mpe mwenyewe, yeye ndiye aliyetaka ukuta.

Mimi nikiwa mhariri, aya hiyo moja ningeinunua kwa bei ya makala nzima.

Msinielewe vibaya kuhusu magofu. Nayapenda, na nimemlipia kila mgeni wangu kibali cha kuyaona. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, zikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, zikatolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya kukarabati. Kazi hiyo ilifanywa na mikono ya watu wa hapa pia, kuchoma chokaa, kupachika mawe. Hiyo nayo ni habari ya siku ya tatu. Sijaisoma popote katika makala za safari, ambako gofu huwa limesimama lenyewe kwa huzuni.

Wala wakati haukusimama. Gesi iligunduliwa Songo Songo, kisiwa cha wilaya hiihii, mwaka 1974, na tangu 2004 inapita kwenye bomba kwenda Dar es Salaam kuwasha taa. Wakati ulipita hapa, ukachukua ilichotaka, ukaelekea Ubungo. Lindi nako ndiko wabebaji walikopita na mifupa ya Tendaguru: kuanzia 1909 hadi 1913 Wajerumani walichimba huko bara ya Lindi mifupa ya mijusi mikubwa ya kale, tani zaidi ya 200, ikabebwa vichwani na mabegani kwa siku kadhaa mpaka bandarini. Leo mjusi amesimama Berlin, urefu wake zaidi ya mita 13. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa mtu wa huku, Boheti bin Amrani. Rafiki yangu aliniuliza tukiwa Lindi, "Na hapa tunaweza kuuona wapi?" Nikamwambia panda ndege. Akacheka, akaandika kwenye daftari, halafu kwenye makala haikuonekana. Nadhani haikuingia kwenye mji uliolala. Mji uliolala haubebi tani 200.

Haya, kuna atakayesema mimi nafanya jambo dogo kuwa kubwa. Ni makala tu ya safari, inamdhuru nani? Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilibeba madaraja na makalvati upande wa Somanga, barabara ya Dar es Salaam na Lindi ikakatika. Mabasi na malori yakakwama pande zote mbili, abiria wakalala barabarani, na huku kwetu bei za sokoni zikapanda siku kwa siku. Nikiwa nahangaika kuandika habari hiyo, mhariri mmoja wa huko kwetu, ambaye sitamtaja, alinijibu kwa ujumbe mfupi: huko si pametulia sana, una kitu cha utalii? Pametulia. Alilipata wapi neno hilo? Hajawahi kufika. Amelisoma. Amelisoma mara nyingi, kwa waandishi wenye kalamu nzuri, mpaka limekuwa ramani yake. Mji uliolala hauhitaji daraja, na uliosahauliwa na wakati unaweza kusubiri lori la vitunguu mwezi mzima.

Kuna pingamizi jingine ambalo ni zito zaidi, na rafiki yangu mwenyewe ndiye aliyelitoa, kwa simu, sauti ikiwa imepanda. Jicho la mgeni huona kile mwenyeji alichokwisha kukizoea. Kweli kabisa. Tena Kiswahili kina mfano mzuri kuliko wowote. Mwaka 1896 Selim bin Abakari, Mngazija, alisafiri hadi Urusi na Siberia akimtumikia bwana wake Mjerumani, na habari yake ikachapwa na Carl Velten katika Safari za Wasuaheli mwaka 1901. Yule hakuwa mwenyeji wa Siberia hata kidogo! Lakini soma anavyotazama: watu wanakula nini, wanalala katika nini, baridi inafanya nini mwilini. Anatazama hivyo kwa sababu yuko kazini. Safari ile ilikuwa ya bwana. Jembe lilikuwa la Selim. Mgeni mwenye jembe anaona kuliko mwenyeji, hilo nalikubali bila kinyongo. Ninayemkataa ni mgeni aliyehudumiwa, anayedhani kuhudumiwa kwake ni tabia ya mahali.

Tunaye pia Abdulrazak Gurnah, ambaye tangu Nobel ya 2021 kila mtu anamtaja na wachache wanamfungua. Katika Admiring Silence, ya mwaka 1996, msimulizi anayeishi Uingereza anakwenda Zanzibar baada ya miaka mingi. Mwandishi wa siku mbili angemaliza kitabu uwanja wa ndege, machozi, ndege inapaa. Gurnah anamrudisha Uingereza, mpaka nyumbani, na huko ndiko mwanamke anayeishi naye anamwambia anamwacha. Ziara yote ile ya nyumbani unaielewa upya ukiwa sebuleni Uingereza. Kurudi kwenye maisha ya ugenini kumepewa nafasi yake katika kitabu, kwa sababu Gurnah anajua kwamba msafiri aliyerudi hakuti vitu alivyoviacha.

Nami sikuvikuta. Siku tisa za kumtembeza mtu mji wako zinakugeuza. Unakuwa na sauti ya kuongoza watalii. Unaanza kusema "watu wa hapa" mbele ya watu wa hapa. Kiingereza na Sheng vinakaa mdomoni, na kila salamu ya Kivinje, ambayo huanza getini na kuisha jikoni, unaikatisha njiani kwa sababu mgeni amesimama juani. Akiondoka, lazima uanze tena. Nilikwenda kwa mama mkwe Ijumaa ile, nikatoa shikamoo, nikakaa mkekani, nikapewa ungo wa mchele. Nusu saa hakuna aliyeniuliza kitu. Kisha akasema, bila kuinua macho, "Sasa umerudi." Nilikuwa sijatoka wilayani ila siku mbili za Lindi.

Kwenye simu rafiki yangu aliniuliza swali lake la mwisho: "Kwani wewe si mgeni?" Alitaka kunichoma, na lilichoma. Nikamjibu kwamba ndiyo, ni mgeni, wa mwaka wa sita, na pengine nitazikwa hapa nikiitwa Mkenya. Katika hadithi maarufu ya kitabu cha kale cha habari za Kilwa, mgeni aliyeanzisha usultani alikinunua kisiwa kwa nguo za kukizunguka chote. Iwe kweli au hadithi, sikiliza watu wa Kilwa wenyewe walivyochagua kumkumbuka mgeni wao wa kwanza: alidaiwa kitu, tena kirefu, akalipa. Mimi nguo zangu bado nazipima. Wewe umekuja, umeandika, na bado unadaiwa picha yenye uso.

Alinyamaza kwa wiki mbili. Kisha akaandika: "Nije lini?"

Nimemwambia aje Oktoba, minada ya korosho ikianza, wakati ambapo hakuna mtu mwenye muda wa kumtembeza. Asichukue hoteli. Atalala Kivinje kwa mama mkwe, chumba cha uani, na asubuhi wataamka kubangua. Aje na bakuli moja, lile lenye ufa halijapata mbadala. Na tiketi ya kurudi asikate kwanza.